Ubao wa Picha Zisizofuatwa

Nakumbuka asubuhi moja ya baridi hapa Johannesburg, nimesimama katikati ya bustani ya umma, kalamu sikioni, nikiwaonyesha vibarua kwa kidole: hiki kibaki, kile kiondoke. Nilikuwa na umri wa miaka thelathini na kiburi cha miaka kumi na minane. Mwanangu, wewe uliyepewa juzi ofisi na mhuri wa kuamua nani akae wapi mahali pa watu wote, sogea nikusimulie. Chai ikipoa tutaipasha.

Nilikuja mji huu kutoka Morogoro, mwaka ule baada ya uchaguzi wa kwanza wa watu wote. Wenzangu walioolewa na wakimbizi wa Afrika Kusini walikuja na waume zao. Mimi wangu, Jabulani, malaria ilimchukua akiwa anahesabu siku za kurudi kwao, tukamzika kulekule. Nikaja na binti yetu Zodwa kwa mama mkwe wangu, katika kitongoji cha Alexandra. Alitupokea kwa mikono miwili. Lakini kila jioni nilimwona akiutazama mlango, nikajifanya sioni, maana hata mimi nilikuwa nikiutazama.

Yeye ndiye aliyenitafutia kazi. Alikuwa na mazoea ya kwenda bustani moja karibu na stesheni kuu, Jumapili moja kila mwezi, na huko alifahamiana na mpiga picha mkongwe, Baba Dube. Huyo ndiye aliyemwambia kwamba ofisi ya bustani inatafuta karani anayejua Kiingereza. Sikumuuliza mama mkwe huwa anafuata nini kule. Nilidhani anapunga upepo.

Ungeiona bustani ile! Wacheza chesi wenye kete zinazowafika kiunoni, maharusi wa Jumamosi, wauza aiskrimu, na wapiga picha, kila mmoja na kiti chake na jaketi la kuwaazima wateja wanaotaka watu wa nyumbani waone kwamba wamefanikiwa. Kando ya kiti cha Baba Dube palikuwa na ubao mkubwa. Alitundika hapo picha ambazo wenyewe hawakurudi kuzichukua. Wapo waliokamatwa kwa kukosa pasi, kile kibali cha zamani cha mtu mweusi kuwapo mjini, wapo waliokwenda machimboni, wapo waliovuka mpaka. Nyingine zilikuwa zimepauka mpaka yamebaki macho tu.

Sasa bosi wangu alitaka watalii. Mabasi yao yalianza kusimama kwenye jumba la sanaa lililo jirani, naye akataka wavuke, wanywe kahawa bustanini, waone maua. Mpango akaniachia mimi. Nami nikaushika kwelikweli: nikagawa nafasi za biashara, nikapaka namba chini, nikaamuru miavuli yote iwe ya rangi moja. Mgeni njoo, mwenyeji apone, si ndivyo tulivyofundishwa? Kisha nikaufikia ubao wa Baba Dube, nikauona ni uchafu tu.

"Eish, binti," akaniambia, "hawa watu hawajaja bado."

"Baba, asiyekuwepo na lake halipo." Niliitafsiri methali yetu kwa Kizulu nilichofundishwa na mume wangu, nikajiona hodari.

Akavua kofia. "Sasa wakija, niwaambie nini?"

"Waambie bustani imesafishwa."

Vibarua wakaubeba ubao, wakaurusha kwenye lori la taka juu ya majani makavu. Bosi akanisifu mbele ya wafanyakazi wote. Nami nikapitia dukani nikanunua keki.

Jioni nikamsimulia mama mkwe wangu, huku nakata keki. Akaweka kikombe chini.

"Ubao wa Dube?"

"Huohuo, Mama."

"Na yule wa pembeni, juu, mwenye jaketi lililomzidi mikono?"

Sikumjua. Nilikuwa nimepita mbele ya ubao ule asubuhi na jioni kwa miezi, na sikuwahi kuwatazama usoni. Ndipo aliponieleza, taratibu, kama mtu anayesoma barua. Jabulani alipokuwa na miaka kumi na tisa, siku moja kabla ya kutoroka nchi, alipigwa picha bustanini pale kwa jaketi la kuazima. Hakurudi kuifuata. Polisi walipokuja nyumbani walichukua kila picha yake, ila hiyo hawakuijua. Basi mama yake akawa anakwenda kumwona, mwezi kwa mwezi, karibu miaka ishirini.

"Mbona hukuichukua, Mama?"

"Ningeichukua, ningekuwa nimekubali kwamba harudi. Nilikuwa naingoja siku tutakayokwenda kaburini Morogoro kuiita roho yake ije nyumbani, kama desturi yetu. Siku hiyo ningeichukua. Ningekwenda na wewe na mtoto."

Umeona, mwanangu? Mume wangu alikuwa ametundikwa hatua kumi kutoka mlango wa ofisi yangu, kijana mbichi, na sura hiyo sikupata kuiona, maana mimi nilimkuta mtu mzima. Nilikuwa na hamu naye mpaka naisikia sauti yake ndotoni, na mdomo wangu mwenyewe ndio uliotoa amri atupwe. Majuto ni mjukuu, na mjukuu huyo nimemlea peke yangu.

Tulikwenda jalalani siku mbili, mimi na Baba Dube. Filamu yenyewe iliharibiwa na mvua zamani, kwa hiyo picha isingeweza kusafishwa upya. Jabulani hatukumpata. Tulipata vipande vya watu wengine, na Baba Dube akaviokota kimoja kimoja, akavifuta kwa shati lake.

Mama mkwe hakunifokea. Laiti angenifokea! Jumapili iliyofuata alimshika Zodwa mkono mpaka bustanini, akamvalisha lile jaketi la Baba Dube lililomfika magotini, akasema, "Mpige picha. Halafu itundike, asiichukue mtu." Akanigeukia mimi. "Usafi ni mzuri, binti yangu. Lakini kabla hujafagia mahali pa watu, uliza nani anasubiriwa hapo."

Kesho yake nilimwambia bosi ukweli wote: ubao unarudi, au mimi naondoka. Alinuna siku mbili, kisha akakubali. Nilifanya kazi pale miaka kumi na miwili. Sikudanganyi kwamba namba na miavuli vilikuwa makosa. Bustani haiishi kwa upepo, miche inanunuliwa na mabomba yanatengenezwa. Ila nafasi namba moja niliipa ubao. Na watalii, waliovushwa barabara kwa ajili ya maua, walikuwa wakiyapita maua na kusimama pale.

Leo mama mkwe wangu amelala, Baba Dube naye amelala, na kiti chake kimerithiwa na mpwa wake. Zodwa amekuwa mtu mzima, yuko nchi ya mbali kikazi. Hupiga simu, huniambia, "Mama, mwakani." Imeshakuwa miaka mingi ya mwakani. Basi Jumapili moja kila mwezi napanda teksi kwenda mjini, nasimama mbele ya ubao, namtazama mtoto wa miaka minane ndani ya jaketi kubwa. Mpwa wa Baba Dube ameniuliza mara mbili kama nataka kwenda na picha hiyo nyumbani. Nimemwambia bado.

Kwa hiyo, mwanangu, panga bustani yako. Karibisha wageni, toa vibali, biashara zifanyike. Methali yetu itumie kwenye kugawa pilau. Mahali pa wote usiitumie. Aliyepo ana mdomo wa kujisemea. Asiyekuwepo, msemaji wake ni wewe mwenye mhuri. Na kabla hujasema kitu kiondolewe, kisogelee, ukitazame usoni.

Mungu akupe jicho la kuona kabla ya kidole cha kuamuru. Na wote unaowangoja awarudishe, wakija wakute pahali pao papo.