Fumbo la Ukoo Uliohama

Baba yangu alikuwa fundi cherehani mjini Kamembe, na gazeti kwake lilikuwa fumbo la maneno tu. Habari nyingine aliziruka. Magazeti ya Kiswahili tuliletewa na madereva wa malori kutoka Tanzania, yakiwa yamechelewa majuma mengi, mengine yamelowa mafuta ya injini. Zawadi za washindi zilikuwa zimeshatolewa zamani. Baba hakujali. Baada ya sala ya alasiri aliketi barazani kwetu, mtaa wa Gihundwe, na penseli yake, akajaza visanduku.

Mwenzake alikuwa kaka yangu. Mwalimu wa shule nilikuwa mimi, lakini mafumbo yanataka akili inayopinda, na hiyo alikuwa nayo kaka. Kisha kaka akavuka daraja la mpakani kwenda Bukavu kuuza vitambaa. Vita vilipoingia upande ule, habari zake zikakatika. Mabati ya Bukavu tuliyaona kutoka barazani, ng'ambo ya ziwa. Mama alikuwa akitoka kuanika nguo, anasimama akiyatazama mpaka mtu amwite.

Mwaka huo mvua haikutupa nafasi. Jioni moja Baba akaja na gazeti kifuani, ndani ya koti.

"Hili ni kubwa," akaniambia. "Kuja, unisaidie."

Nikakaa mahali pa kaka. Fumbo lilijaa ndugu: mama, babu, dada, kaka, bibi. Hao tuliwapata bila shida. Swali moja likatushinda kabisa: "Ndugu aliyejificha mara mbili ndani ya kumbukumbu, herufi nne." Tulizunguka nalo siku kadhaa. Baba alilitamka hata akipima watu viuno. Mwishowe nikaacha kulifikiria nikalitazama tu, herufi kwa herufi, nikaona: k, kisha *umbu*, kisha k, kisha *umbu* tena.

"Umbu? Ni neno hilo?" Baba akauliza.

Hatukulijua. Tukaenda kwa mwalimu wa madrasa, aliyewahi kusoma pwani. Akatabasamu.

"Neno la wazee hilo. Dada kwa kaka yake ni umbu, na kaka kwa dada yake vilevile." Akanigeukia. "Wewe ni umbu wa yule kijana wenu wa Bukavu."

Tukarudi nyumbani. Utelezi ulikuwa mwingi, Baba akanishika mkono kama vile mimi ndiye mzee.

Visanduku vyote vikajaa. Lakini chini kulikuwa na agizo la mwisho, na hilo ndilo lililofanya fumbo liwe gumu: ukoo umehama, badilisha herufi moja katika jina la kila ndugu, toka juu kwenda chini, upate neno jingine; herufi mpya, zikisomwa kwa mfuatano, zitakuambia wanachosema.

Baba akashika ufutio. Mama akawa *hama*. Umbu akawa *umba*. Babu akawa *tabu*, na hapo Baba akacheka kidogo, akisema kweli babu yake alikuwa tabu. Dada tulitaka awe *dawa*, lakini herufi mpya tulizokwisha kupata zilikuwa H, A, T, na W haikutupeleka popote. Baba akaandika *dadu*. Nadhani alikuwa ameshaliona neno zima, kwa sababu penseli ilikaa juu ya kaka muda mrefu.

Mama alikuwa nyuma yetu, anamenya mihogo.

"Munafanya nini na huyo kaka?"

"Inabidi ageuke paka," nikasema, bila kufikiri. "Ndivyo fumbo linavyotaka."

Baba alikuwa amemaliza kufuta K ya kwanza. Mama akaweka kisu chini.

"Mutoto wangu mumemufuta?"

"Maman, ni muchezo wa gazeti tu," Baba akasema.

"Muchezo! Muntu hajulikani kama anakula, hajulikani kama analala, nanyi mumekaa hapa munamufuta! Mumurudishe!"

Baba hakubishana. Akairudisha ile K, akaikandamiza mpaka karatasi ikatoboka. Bibi, ambaye angekuwa *bibo* la mkorosho, hakumgusa kabisa. Akakunja gazeti, akaingia ndani kabla ya magharibi, na sikumwona tena akijaza fumbo lolote.

Kabla mvua haijaisha akaja mama mmoja wa Bukavu, muuza vitenge, Mkristo aliyempangisha kaka chumba. Hakuketi. Alisema yeye na majirani ndio waliomzika kaka, na kwamba alitafuta Mwislamu wa kumsomea dua, akampata. Baba akamshukuru mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Mama hakulia mbele yake. Alimpikia chai, akamsindikiza mpaka barabarani kwenye pikipiki.

Matanga yalipokwisha, tukiwa wawili jikoni, Mama akaniuliza, "Lile neno la mwisho la fumbo la Mzee, lingekuwa nini?"

"Hatupo," nikamwambia.

Akalifikiria, mikono ndani ya sufuria ya sombe, majani ya mihogo.

"Gazeti limekosea," akasema. "Sisi tuko. Ni yeye hayuko."

Akanituma makaa. Mengi yalikuwa yamelowa, na moto ulichukua muda mrefu kushika.