Mapezi Yaliyosimama

Samaki akitulia ndani ya beseni, usimtazame mkia. Mtazame mapezi ya ubavuni, yale mawili yaliyo nyuma tu ya mashavu. Mwili umetulia, mkia umetulia, lakini hayo mawili yanapepea polepole, yakimzuia asisogee mbele wala asirudi nyuma. Kwa hayo anakata kona, kwa hayo anafunga breki. Mama yangu ndiye aliyenifundisha kuyatazama, na hakuwa na nia ya kunifundisha sayansi. Alitaka nijue kuishi na kambare bila kuumia.

Maana kwa kambare mapezi hayo yana kazi zaidi. Kila moja limetanguliwa na mwiba wa mfupa, mgumu, wenye meno madogo ya msumeno. Akishtuka anautanua na kuukaza hapo hapo, na ukishasimama huulazi kwa nguvu. Kule Didia, nyumbani kwetu, mvua za kwanza zikinyesha kambare hutoka kwenye majaruba ya mpunga na kuvuka njia, akijikongoja juu ya majani kwa miiba hiyo, upande huu, upande ule, kama mlevi anayetembelea viwiko. Asubuhi tulitoka na ndoo kuwaokota. Mama alinionyesha namna ya kumshika: unatokea nyuma, gumba upande mmoja, vidole upande wa pili, unavikaza nyuma ya miiba yote miwili. Silaha yake inakuwa mpini wako. Ukimshika kwa mbele, amekupata.

Baba alipofariki tulihamia Nyarugusu, kwa sababu penye dhahabu watu hula hata siku ambayo hawajapata kitu. Mama akawa anauza kambare sokoni, wengine wamepangwa mezani, wengine wangali hai ndooni, jirani na karasha zinazosaga mawe kutwa nzima. Mimi nilipika chapati pembeni yake, na vumbi la mawe lilitua kwenye unga wangu na kwenye samaki wake bila upendeleo.

Soko lile lina tabia yake. Kwingine muuzaji huvunja miiba ya kambare kwa plaizi kabla hajawapanga mezani. Nyarugusu ukiivunja, mapezi yanalala, nawe umejifukuzia wateja. Watu wa pale wanashika zebaki kwa mikono mitupu, wanaichoma jikoni watoto wakiwa wamekaa hapo hapo, lakini wanaogopa samaki wa mabwawa ya kuoshea mchanga wa dhahabu, eti wana sumu ya zebaki hiyo hiyo. Wanasema hao huokotwa wakiwa wameshakufa, mapezi yamelala. Basi mteja akifika hanusi wala hafunui shavu. Anatazama kama mapezi ya ubavuni yamesimama. Yakisimama, samaki alikufa akipigana, anafaa, funga. Sijawahi kuelewa woga unaochagua namna hiyo, na mpaka leo unanikera.

Mama alichomwa siku ya kawaida tu. Mteja alimtaka yule wa chini kabisa kwenye ndoo, mama akaingiza mkono huku anaongea na jirani, na mwiba ukazama kwenye nyama iliyo kati ya gumba na kidole cha shahada. Akafyonya, akamtoa samaki, akamuuza. Kisha akampapasa kambare mwingine tumboni, akapaka ute wake juu ya tundu, kama tulivyofanya siku zote Didia. Kule ilikuwa inatosha. Mkono ulivimba kidogo, ukanywea, ukasahaulika.

Safari hii haukunywea. Mama alikwenda duka la dawa akaomba vidonge vya rangi mbili. Wachimbaji wakikatwa na mawe hawavimezi. Wanakifungua kimoja, wanamwaga unga kidondani, wanarudi shimoni. Naye alimwaga unga, akafunga kitambaa, akavalia mfuko wa nailoni juu yake, akarudi kwenye ndoo zake. Juu kidonda kilikauka vizuri, kikaota ganda. Chini ya ganda kilikuwa kinaoza. Nilimwambia twende kituo cha afya, akanijibu kwamba kambare hawezi kumlaza mtu mzima kitandani. Nikamwambia tena, tukagombana, akaninunia. Siku hizo alikuwa na kiu isiyoisha, anaamka na kikombe na kulala na kikombe, nami na majirani sokoni tukimtania kwamba anashindana na kambare wake.

Harufu ndiyo iliyotupeleka hospitali Geita mjini. Nilichelewa kuitambua, kwa kuwa anayekaa na samaki pua yake imeshazoea. Daktari alikuwa kijana mpole. Alimwamkia mama kwa heshima, akampima damu, akatueleza kwamba ana sukari, tena ya muda mrefu, ndiyo iliyonyima kidonda nafasi ya kupona. Uozo ulikuwa umeshapita kifundo cha mkono. Mkono usipokatwa, alisema, tutampoteza mama mwenyewe. Mama alisikiliza mpaka mwisho, halafu akanigeukia mimi.

"Kambare nitamshika na nini?"

"Nitamshika mimi, mayu," nikamwambia.

Akautazama ule mkono kwa muda. "Basi na wakate."

Walikata chini kidogo ya kiwiko. Nililia kwenye korido hadi mtu wa usafi akaniletea kiti. Nilikuwa na hasira na soko zima, na kila mteja aliyewahi kuinama kutazama mapezi.

Ndiyo maana niliporudi kwenye meza ya mama nilikwenda na plaizi. Nilivunja miiba yote, mmoja baada ya mwingine, na kila ulipokatika nilijisikia nafuu. Wateja walifika, wakatazama, wakapita. Mchimbaji mmoja aliyekuwa akinunua kwa mama tangu tulipohamia aliniuliza, bila ubaya wowote, nimewaokota bwawa gani. Jioni nilichimba shimo nyuma ya nyumba nikawafukia. Kesho yake hali ilikuwa ile ile. Mama aliniona nikirudi na ndoo imejaa, akajiinua kitandani kwa mkono uliobaki.

"Waachie miiba yao," akasema. "Hawa watu hawatakuamini."

Nikawaachia. Biashara ikarudi.

Tulipokwenda kliniki ya sukari, muuguzi aliyemhudumia mama aliniomba na mimi kidole. Alisema ugonjwa huu hupenda kukaa ndani ya ukoo. Alinitoboa, akasubiri kimashine, akakisoma, kisha akaniomba nikae chini. Nilipewa dawa na maelezo ya chakula, na akanisisitiza kwamba nijilinde sana nisijikate wala kuchomwa na kitu chochote chenye ncha. Sikumwambia ninauza nini. Mama alikuwa amekaa hapo hapo, na yeye hakusema.

Sasa kila asubuhi naweka ndoo mezani. Kambare anatulia chini, mapezi yake yanapepea polepole. Natokea nyuma, gumba upande mmoja, vidole upande wa pili. Mama anakaa kwenye kigoda pembeni yangu. Mkono wangu unapoingia majini huacha kuongea, na haongei tena mpaka utoke.