Siku Waliyotaka Kumpima Sentinelle Wetu

Asubuhi mama yangu alipokuwa akipasuliwa kansa ya shingo, sentinelle wetu alitokea hospitalini akaomba akatwe yeye.

Sitanii.

Kwetu Uvira, sentinelle ni yule mtu anayekulindia lango. Wetu ni Papa Azarias, mfugaji wa zamani kutoka milima ya juu, ambako watu wake mjini kwetu hushukiwa kwa kila baya. Ametulindia nyumba yetu ya mtaa wa Songo miaka minane.

"Noella," akaniita polepole, kofia mkononi. "Nimefika. Wanikate wapi?"

Alikuwa ametoka Kongo, akavuka mpaka wa Burundi hadi hapa Bujumbura. Shati la kanisani, kola ameikunja ndani ili shingo ibaki wazi.

Kosa lilikuwa langu.

Jana yake Docteur Claire, daktari wa kumpasua mama, alinieleza kwamba atadunga rangi ya buluu karibu na uvimbe wa mama. Tezi ndogo ya kwanza kushika rangi hiyo inaitwa sentinelle, kwa sababu kansa ikianza kutembea, hupitia kwake kwanza. Ataitoa, ipimwe palepale. Ikiwa safi, tezi nyingine za shingo zitaachwa.

Mimi ni mtu wa aibu. Kupiga simu kueleza watu kunanishinda, kwa hiyo niliandika kwenye grupu ya familia:

"Kesho docteur atamutoa sentinelle, atamupima. Kama sentinelle iko safi, mama atapona vizuri. Muombe."

Neno tezi sikuliweka. Na nina diploma, jamani.

Kisha simu ikaisha moto wa betri, ikazima. Majibu niliyasikia asubuhi hiyo nilipoiwasha, Papa Azarias ameshasimama mbele yangu. La kwanza lilikuwa sauti ya mama mdogo Félicité:

"Nilisema, minye mwenyewe! Tangu alete ile maziwa ya kwao, shingo ya dada ikaanza kuvimba. Docteur ameona!"

Mjomba Vainqueur akauliza, "Lakini docteur amemujua namna gani?"

"Weye Vainqueur! Mashine zao zinaona mpaka sumu. Atumwe asubuhi, mbele hajakimbia!"

Nikazima sauti, nikamgeukia.

"Papa Azarias, walikwambia nini?"

"Docteur ananitafuta. Nikiwa safi, mama yako atapona. Nisipokuwa safi, nisirudi tena kwenu. Sikulala. Muntu anaweza kubeba ubaya asiujue."

Nikalia. Nikamweleza rangi, tezi, kila kitu. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Basi hawanikati?"

"Hawakukati."

"Asante Yesu."

Lakini hakuondoka. Aliketi kwenye benchi, nikaketi karibu naye, tukangoja.

Saa saba Docteur Claire akatoka, macho yamechoka.

"Mama yenu anaamka. Sentinelle iko safi kabisa."

Kwa furaha nikaandika kwenye grupu vilevile: "Sentinelle iko safi!!!"

Mungu wangu, ile grupu!

Félicité ndiye wa kwanza: "Tulimushuku bure, masikini! Mwambieni arudi. Ninamupikia samaki mukeke!"

Mjomba Vainqueur akaongeza: "Minye sikuamini hata siku moja."

Nikaanza kuandika masahihisho marefu, safari hii na neno tezi mara nne. Papa Azarias akafunika simu yangu kwa kiganja.

"Acha hivyo, mutoto wangu."

"Lakini si wewe waliyempima!"

"Najua. Ila nimelinda kwenu miaka minane. Leo ndiyo mara ya kwanza nyumba ile inasema niko safi."

Nikafuta yote.

Mama amepona. Félicité naye anawatambia majirani kwamba sentinelle wetu amepimwa Bujumbura, si kama wa kwao.

Wewe unayesoma, kama kuna mtu unamshuku, usingoje daktari akusaidie kumwamini. Hospitali ina hadubini ya kutazama tezi. Ya kutazama roho ya mtu tumeachiwa sisi wenyewe, na wengi wetu hatujawahi hata kuifuta vumbi.