Kitabu cha Kuku Pale Nkome

Mwezi uliopita mjukuu wangu alinipeleka Nkome. Pale mwaloni, ufukoni mwa ziwa inapoegeshwa mitumbwi, kijana mmoja alikuwa anawagawia abiria maboya ya kuvaa kifuani, na abiria mwingine, mcheshi, akalivaa lake kichwani watu wakacheka. Nilimfokea mpaka sauti ikanikauka. Mjukuu wangu akaona aibu, akanivuta mkono na kuniuliza kulikoni. Sikumjibu. Wewe nitakuambia, maana nimechoka kukaa nalo peke yangu.

Enzi hizo Mwingereza bado anatawala, na Nkome yetu ilikuwa nyumba za nyasi na moshi wa samaki. Bibi yangu, aliyenilea, alikuwa akibanika samaki aina ya ngege juu ya uchaga wa miti, na kazi yangu nikitoka shule ilikuwa kuparua magamba. Viganja vilinuka mpaka kanisani. Tulikula michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, ya kuchemsha kwa karanga, na mchuzi wa furu, visamaki vidogo, ukibaki tunaulamba chunguni. Chakula kitamu kama kile sijakipata tena, labda kwa sababu siku hizi sina njaa ile.

Wasichana tuliosoma tulikuwa wawili tu. Mwenzangu alikuwa mpole. Mimi nilikuwa na mdomo, na mwalimu alizoea kusema kwamba ulimi wangu ulizaliwa siku moja kabla yangu. Nililichukua kuwa sifa.

Basi siku moja Bwana Samaki, yule mtu wa serikali aliyekuja kwa baiskeli kukagua nyavu, akatuachia kijitabu cha Kiswahili cha kuwafundisha watu usalama majini. Jina lake lilikuwa *Keti Kama Kuku wa Mayai*. Mwalo mzima ulikufa kwa kicheko. Kitabu cha kuku kinafuata nini ziwani? Wazee wengi hawakujua kusoma, na Kiswahili chenyewe walikisikia kwa mbali, kwa hiyo nikaitwa mimi nisome na kukigeuza Kisukuma.

Aliyeniita ni jirani yetu. Alikuwa ametoka Kishapu, nchi ya ng'ombe na pamba, ukame ulipomaliza mifugo yake. Alikuja na mkewe na mtoto mchanga, akaingia uvuvi akiwa hajawahi kuona maji yanayozidi lambo la kunyweshea ng'ombe. Maji aliyaogopa, na hakuona haya kusema. "Mwanangu," aliniambia, "nisomee polepole. Hawa wenzangu wamezaliwa humu. Mimi ni mgeni."

Nilianza vizuri. Mtu akae chini mtumbwini, atulie, asisimame hata kumwamkia mkubwa. Watu wakacheka, nami kicheko kile kikanipanda kichwani. Nikaanza kuongeza yangu. Kila ukurasa niliutilia mzaha, na wanawake waliokuwa wanapasua samaki wakashika mbavu, bibi yangu akiwa mmoja wao.

Nikafika ukurasa wa mwisho. Niliusoma kimoyomoyo na niliuelewa, usinisingizie ujinga. Ulisema mtumbwi ukipinduka usiuache, kwa kuwa mbao huelea; ushikilie hadi uokolewe. Nami nikainua kichwa, nikasema: "Mtumbwi ukishapinduka huyo ni mama mkwe wako. Usimguse! Mwachie njia, nenda zako."

Unajua Msukuma na mama mkwe wake. Hampi mkono, wakikutana njiani anapinda porini. Mwalo ulilipuka. Kila mzaliwa wa pale alijua tangu utotoni kwamba mtumbwi hauachwi, ndiyo maana walicheka. Jirani peke yake hakucheka. Aliitikia kwa kichwa taratibu, akasema, "Sawasawa. Nimeshika." Nilimwona. Ningeweza kusema neno moja tu, lakini walikuwa bado wanacheka na mimi nilitaka waendelee.

Mvua za kwanza zilipokuja, upepo uliwapindua jirani na mwenzake, asubuhi kweupe, si mbali na nchi kavu. Mwenzake alirudi hai, amekumbatia mtumbwi. Alitusimulia kwamba jirani naye alikuwa ameushika barabara, kisha akauangalia kama aliyekumbuka jambo. "Akasema, 'Huyu sasa ni mkwe.' Akaachia. Nikamwita, nikamwita, akawa anapigapiga maji kuelekea ufukoni, na kuogelea hajui."

Bibi alinitazama mara moja, akarudi kugeuza samaki wake. Wote walikumbuka, na kwa kuwa wote walicheka, wote walinyamaza. Hata kiboko sikuchapwa. Nilikitamani kiboko kile kuliko sikukuu.

Siku hizi ngege wenyewe ni wa kutafuta, uchaga wa bibi umeliwa na mchwa zamani, na kati ya waliokuwa mwaloni siku ile ya kitabu nimebaki mimi. Vijana wanaonionyesha nyumba za bati na taa za umeme wanadhani machozi yangu ni ya kukumbuka raha. Raha ilikuwepo, sikatai. Lakini mwalo ule siwezi kuukumbuka bila kuisikia sauti yangu, nyembamba, imejaa majivuno, na ninaona haya mpaka leo nikiwa peke yangu chumbani.

Mjane wa jirani alirudi kwao Kishapu. Asubuhi ya kuondoka alipita kwetu, mtoto mgongoni, mimi nikiwa ninaparua magamba. Yeye peke yake hakuwa mwaloni siku nilipokisoma kitabu, na hakuna aliyekuwa amemwambia. Nilipiga goti, nikamwamkia shikamoo. Akaitikia, akaniwekea mapajani kuku wake wa mwisho, amefungwa miguu.

"Wabeja, mwanangu," akanishukuru. "Mume wangu alikuwa anaogopa sana maji. Tangu umsomee, alikuwa analala usingizi."

Nikampokea kuku. Nikasema asante.