Deilili za Mama Chebet

Kuna asubuhi moja naikumbuka, mwanangu, na kama kukumbuka kungekuwa kwa hiari, hiyo ningeiacha. Nilikuwa na miaka mitatu tangu niolewe hapa Kapseret, na Kibet, kifungua mimba wangu, bado namfunga mgongoni. Baba Kibet alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai, macho yamevuka ua wetu mpaka kwa jirani. Akasema, wala hakuwa na nia mbaya, "Boma ya Mama Chebet siku hizi inapendeza."

Ni hayo tu. Nilimwongezea chai bila kuulizwa. Nani alikuwa anaifagia boma yake yeye kila alfajiri? Nani alikuwa anakamua? Miaka mitatu, hakuwahi kuniambia yangu inapendeza.

Kilichompendeza ni maua. Mama Chebet aliolewa mwaka mmoja baada yangu, akaja na shina moja limefungwa kwa gunia, amepewa na mama yake kule Moi's Bridge. Deilili. Majani yake ni marefu, membamba, na ua ni la manjano, linafunguka asubuhi na kunyauka jioni hiyo hiyo. Kesho yake jingine linafunguka. Kiangazi majani yanalala chini, unasema basi, hii imekufa. Mvua ya kwanza tu, hiyo hapo! Haitaki dawa wala kubembelezwa. Mimi nilikuwa nimepanda waridi mara mbili. Mara ya kwanza zililiwa na mbuzi, ya pili zikakauka zenyewe.

Watu wakienda zahanati walikuwa wanasimama kwa ua wake kutazama. Akina mama wa kanisa wakikutana kwake, walichelewa kuingia ndani kwa sababu ya hayo maua. Wakikutana kwangu waliingia moja kwa moja wakaulizia chai. Mimi niliyaona yote hayo, na kila moja niliweka moyoni.

Na kilichoniudhi zaidi, hakuwa na maringo hata kidogo. Siku moja aliniita kwenye ua, "Dada, mvua ikikaribia nitapasua shina nikugawie. Deilili ikigawanywa ndiyo inanenepa." Nikamwambia kwangu hakuna nafasi. Hakuna nafasi! Na mbele ya nyumba yangu palikuwa peupe, kuku wanaoga vumbi.

Haikupita wiki tangu asubuhi ile ya chai, habari ikaja kwamba mama yake amezidiwa. Akafunga mzigo haraka, akanipa ufunguo wa geti ili nimlishie kuku. "Sina mwingine wa kumwachia, dada," akasema, akaondoka karibu akikimbia.

Siku ya pili niliingia na jembe. Usifikiri nilinyatia. Ilikuwa mchana, jua kali, na kuku wake wananifuata wakidhani nimewaletea mahindi. Nikachagua shina kubwa kuliko yote, lile la karibu na mlango, nikaling'oa na majani yake yote. Nikalibeba kwa karai mpaka nyuma ya zizi letu, nikalitupa kwa rundo la samadi na kulifunika. Nilitaka lioze. Tena nisikudanganye, nilifurahi. Ugali wa siku hiyo nilikula nikaongeza.

Mama Chebet alirudi baada ya kumzika mama yake. Nilikuwa nimemshikia geti alipoliona shimo. "Ni nini hii?"

"Ni fuko," nikasema. Sikufikiria hata kidogo, neno lilitoka lenyewe. Huku kwetu fuko wanamaliza viazi na mizizi kutoka chini ya ardhi, kwa hivyo ulikuwa uongo wa kuaminika.

Akachuchumaa pale kwenye shimo. "Hizi nyingine nilizitoa kwa hii," akasema. "Hii yenyewe ndiyo mama alinifungia kwa mikono yake." Hapo ndipo ningesema, mwanangu. Mdomo ulikuwa wangu. Badala yake nikamshika bega, nikamwambia pole.

Akamwita Mzee Simiyu, mtega fuko, aje na mitego yake. Mzee akainama, akapapasa ukingo wa shimo kwa kidole, akatikisa kichwa. "Mama, fuko anakula mizizi, majani anaacha juu. Sasa majani yako wapi? Na udongo umekatwa laini hivi." Akasimama, akakung'uta magoti. "Fuko wenu ana jembe." Akakusanya mitego yake akaenda zake. Mama Chebet aliendelea kutazama chini. Hakunitazama mimi, na hilo lilinitisha kuliko kama angenitazama.

Halafu mvua ikaja. Nilikuwa jikoni niliposikia Baba Kibet ananiita kutoka nyuma ya zizi, sauti imejaa furaha. "Mama Kibet! Kumbe na wewe unajua maua! Njoo uone vile yanapendeza!"

Woi! Miaka yote nilikuwa nangojea neno hilo. Nilipofika, deilili ilikuwa imechomoza kwenye samadi, imenenepa kuliko ilivyowahi kunenepa kwa mwenyewe, maua matano yamefunguka kwa mpigo. Na mume wangu, bila kujua lolote, alikuwa ameshamwita jirani aje kunisifu. Mama Chebet alikuwa amesimama pale, kitoto chake mgongoni.

"Nimeona," akasema.

Akaniomba jembe. Langu lile lile. Akang'oa lile shina, akalipasua katikati, akakata majani yakabaki urefu wa shubiri. Nusu moja akaiweka kando. Nusu ya pili akaipeleka mbele ya nyumba yangu, pale pa kuku, akachimba, akapanda, akashindilia udongo kwa miguu. Baba Kibet akawa anamtazama yeye, ananitazama mimi, mpaka akaelewa, akaingia ndani. Mama Chebet akanirudishia jembe. "Nilikuambia nitakugawia," akasema.

Hakunilaumu, siku hiyo wala baadaye. Nilimwomba msamaha, akasema ameshasamehe, na naamini. Tumesaidiana uzazi, tumezikiana. Lakini hajaniita "dada" tena, na ufunguo wa geti lake sijaushika tena mpaka leo, na sasa sote ni nyanya. Siku hizi akisafiri anamwachia yule mwalimu mgeni wa ng'ambo ya barabara. Nikimwona huyo mwalimu akifungua lile geti, mwanangu, roho inaniuma kwa wivu kama msichana. Umri huu wote, bado.

Na maua ndiyo hayo uliyopita ukiingia. Niliyanyima maji, hayakufa. Nikaachilia mbuzi, yakachipuka upya. Wageni wakiyasifu nasema ni ya Mama Chebet.

Ndiyo maana nilipokusikia ukimsema mke wa shemeji yako na hiyo nyumba yake mpya, nikakuambia kaa kwanza. Wivu utakushika, mimi siwezi kukuzuilia. Ukikushika, nenda kwa mwenyewe umwambie, hiki chako nimekipenda, nionyeshe nami. Aibu yake ni ya dakika moja. Akikupa, pokea, usiseme huna nafasi. Na ukishamkosea, sema ukweli siku ile ile, kabla mtega fuko hajaitwa.

Chukua hiki kipande, nimekufungia kwa gunia. Pasua katikati, nusu umpelekee huyo mke wa shemeji yako. Mungu akupe mtu wa kukuita dada, akuachie ufunguo wake, na akirudi akute kila kitu kama alivyokiacha.