Ufunguo Niliokwenda Nao Dar

Nakumbuka siku niliyorudi Igoma kutoka ng'ambo na diploma yangu ya maabara. Nilijisomesha mwenyewe kwa kuosha vyombo hotelini, wala sioni haya kulitaja. Majirani walipouliza nimesomea nini, niliwaeleza: kukata nyama ya uvimbe iwe nyembamba kuliko ngozi ya kitunguu, ili daktari aitazame kwenye hadubini na kujua kama ni saratani. Wakacheka. "Masanja wa buchani naye anakata nyama," alisema mmoja, "na hakupanda ndege. Huyu hatafika popote."

Nilifika, mwanangu. Nikiwa mkufunzi wa mwaka wa pili tu kwenye kituo cha utafiti wa saratani hapa Mwanza, mkuu wetu, Mama Profesa, alinikabidhi uongozi wa chumba cha sampuli na vijana watatu. Wenzangu wenye digrii mbili walikuwa wameikataa nafasi hiyo, eti itakula muda wa utafiti wao. Mimi niliipokea kwa mikono miwili, na kesho yake nikabandika jina langu mlangoni.

Kupokea hakukuwa kosa. Kosa lilifuata. Mikono yangu ilikuwa bora kuliko yote kando ya ziwa hili (waulize, watakuambia), basi sikumruhusu mwingine kukata. Visu vya mashine ya kukatia nilivifungia kwenye droo, ufunguo nikauvaa shingoni. Vijana wangu waliosha vioo vya hadubini na kuandika majina ya wagonjwa. Kokugonza, binti wa Kihaya aliyekuwa ametoka chuoni, alijifunzia kwenye mabaki ya nta tunayogandishia nyama kabla ya kuikata, kwa kisu kikuukuu nilichokitupa, nami nikimtania: "Mama, unakata au unachonga mshumaa?"

Kisha nikaitwa Dar, wiki nzima, kwenye mafunzo ya uongozi kwa wakufunzi vijana. Nilikwenda na ufunguo shingoni.

Niliporudi nilimkuta mama mmoja wa Misungwi kwenye benchi letu. Kipande cha uvimbe wa titi lake kilikuwa kimekaa kwenye nta tangu nilipoondoka, na daktari asingeweza kuanza tiba bila majibu. Ilikuwa mara yake ya tatu kuja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ni wewe mwenye ufunguo?"

Niliushika ufunguo shingoni. Mama Profesa alikuwa amesimama mlangoni, karibu na lile jina langu. "Nilikupa watu watatu," alisema taratibu, "ukawafanya wafagizi. Kidole kimoja hakivunji chawa. Mpe Kokugonza kisu."

"Kipande cha huyu mama, Profesa? Akikiharibu je?"

"Simama nyuma yake. Hiyo ndiyo kazi niliyokupa."

Kokugonza akakata. Kijipande chembamba cha kwanza kilipasuka, nikauma ulimi. Cha pili kilikunjamana. Cha tatu, mwanangu, nisingekitofautisha na changu, na unajua mimi si mwepesi wa kusema hivyo. Majibu yalitoka: ilikuwa saratani, lakini daktari alisema wameiwahi. Yule mama alianza tiba wiki ileile.

Sasa nasikia na wewe umepewa kikundi cha utafiti kukiongoza, na unasita kwa kuwa u kijana. Pokea. Ujana si dosari. Cheo hujifunzwa kwa kukishika. Lakini kazi unayoiweza kuliko wote ndiyo uifundishe kwanza, na ukisafiri, acha ufunguo.

Baadaye wote watatu walijua kukata, na siku niliyostaafu nilimvalisha Kokugonza ule ufunguo, akaucheka, akautundika ukutani kwenye msumari ambapo kila mtu anaufikia. Hapo nikahesabu nimewalipa wote walionikopesha: fundi wa ng'ambo aliyeniachia mashine yake nijifunze, Mama Profesa aliyeniamini mapema, na yule mama wa Misungwi, ambaye niliikopa wiki yake bila kumwomba.

Nenda, mwanangu. Mungu aibariki mikono yako, na aibariki zaidi ile utakayoifundisha.