Pori Tupu

Mimi hakuna kitu cha kunishtua. Nilisoma darasa la tatu tu, na leo nina malori. Lakini juzi, pembeni ya mbuga ya wanyama, nilitazama nyasi kwa miwani yangu nyeusi nikasema, "Ah, pori tupu!" Mwanamke akainuka humo na mundu: "Mzee, na sisi hatuonekani?"

Nikakumbuka utoto, Tororo. Wazungu waliokuwa wakienda mbugani walisimama kwenye shamba letu la wimbi, likinukia mvua. Mama alikuwa katikati akipalilia. Memsabu wa miwani nyeusi akasema kitu, dereva akatufasiria: "Anasifu pori tupu."

Nilishtuka. Miwani kama ile niliijua kwa kipofu wa sokoni Nagongera. Maskini memsabu, nikamshika mkono nimwongoze, asimkanyage mama.

Juzi niliivua yangu palepale. Niliinunua Busia, shilingi mia mbili na hamsini.